Mdomo Wangu na Damu ya Regina

Wiki iliyopita nilikwenda kupima sukari. Kazi nimestaafu, lakini mwili haustaafu kuugua, kwa hiyo siku hizi nami ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Nimekaa kwenye benchi na wenzangu, mara dirisha la maabara likafunguka. Kijana mmoja mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kabisa akatoa kichwa nje na kupaza sauti: "Yule mama wa kaswende yuko wapi? Majibu yako tayari!"

Benchi zima likageuka. Mama wa watu akainama kama anayefunga kamba za viatu, naye amevaa kandambili.

Nikanyanyuka. Maneno niliyomwambia yule kijana siwezi kuyaandika hapa, mimi ni mzee wa kanisa. Naye hakuona kosa lake. "Bibi, tulia," akanijibu, "kwani nimemtaja jina?" Ebo! Kumbe mpaka jina litajwe ndipo mtu aaibike! Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo, na ndiyo inayoandika haya.

Lakini nyie vijana wa maabara, msije mkanidhani malaika. Nusu ya hasira ile ilikuwa ya yule kijana, nusu ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Mimi niliwahi kufanya baya kuliko lake. Yeye alipiga kelele, mimi nilinong'ona, na mnong'ono wangu ulifika Nzega.

Niitwe Mama Doto, inatosha. Nimetoa watu damu hapa Tabora miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nilianza enzi za darubini ya kioo, ile unayoigeuzia dirishani kutafuta jua. Wingu likipita, unasubiri. Leo mnabonyeza kitufe, mashine inatema karatasi, mnabandika sahihi, mnarudi kwenye simu. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Zamani tulikuwa tunachemsha sindano, jamani, nani atayakumbuka hayo kwa furaha?

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kapuli, mtu mfupi, mkali, mwenye mikono laini ajabu. Alinifundisha mambo mawili ambayo hamtayakuta kwenye mashine zenu. La kwanza: mkono wa baridi hautoi damu, basi upashe kwanza. Asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora mnazijua wenyewe. Mzee Kapuli alikuwa na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mgonjwa anaishika kwanza, wanasalimiana, wanaulizana habari za shamba, ndipo sindano. La pili: andika ulichokiona, usiandike anachotaka daktari.

La pili nililishika. La kwanza nililisahau siku aliyokuja Nyamizi.

Nyamizi alikuwa msusi kule mtaa wa Isevya. Kibanda chake kilikuwa kidogo, viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, na foleni ya wanawake mpaka barabarani. Alikuja kupimwa malaria. Nikashika kidole chake, nikakitoboa. Hakuna kitu. Nikatoboa tena. Nikatoboa mara ya tatu, nikakiminya kama anayekamua ndimu iliyokauka, maana nje watu wananigongea dirisha. Kidole kilikuwa cheupe nchani, kigumu, kinang'aa, ngozi haishikiki. Nilikiona, nikapuuza. Nilipata tone moja, nikamwambia nenda kasubiri.

Akarudi baada ya wiki kadhaa. Pale nilipotoboa pamekuwa kidonda kisichotaka kupona. Hakunigombeza. Aliniwekea kidole mezani, akasema, "Mama Doto, hiki ndicho kidole changu cha kugawia nywele."

Basi shikeni hili kabla sijaendelea. Mkikuta kidole cha namna hiyo, cheupe, kigumu, kinachobadilika rangi kwa baridi, msikitoboe. Upasheni mkono moto, toeni damu kwenye mshipa wa mkono, halafu mwende kwa miguu yenu mkamwambie daktari mlichokiona. Mimi sikwenda, nikangoja daktari ajionee mwenyewe.

Na daktari alipoona, aliona ukoma. Simtaji, na hospitali siitaji. Aliona ngozi ngumu, vidole vimejikunja, akaandika ukoma, akamleta kwangu nimpime. Nikamkata kidogo kwenye ndewe ya sikio, nikapaka kwenye kioo, nikatia rangi, nikatazama. Vijidudu vya ukoma vikiwepo huonekana vyekundu. Sikuona hata kimoja. Nikaandika: hakuna. Karatasi ikarudishwa: rudia. Nikarudia, hakuna. Ikarudishwa tena: umekosea, rudia. Mara ya tatu nikaandika HAKUNA kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini.

Akaanzishiwa dawa za ukoma! Khaa! Sasa kama daktari ana majibu yake kichwani, ananiletea sikio la mtu nilikate la nini? Mabaka ya ukoma hufa ganzi, na Nyamizi alikuwa akilia kwa maumivu ukigusa tu kidonda. Hakuna aliyemuuliza kama anasikia maumivu au hasikii. Alimeza dawa zile miezi, ngozi inazidi kukaza. Mdomo ukaanza kupungua, kijiko kikawa kikubwa, akawa anakata tonge dogo dogo la ugali kama la mtoto. Isevya nzima ikasema amerogwa na msusi mwenzake. Wateja wakahama, hata wale aliowasuka tangu wakiwa wasichana.

Alikuja kuokolewa na daktari bingwa aliyekuwa akipita mikoani. Alimshika mikono, akamwambia fungua mdomo, akakisikiliza kifua, akauliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Halafu akasema, "Huu si ukoma na si uchawi. Unaitwa skleroderma. Kinga ya mwili wake imemgeukia mwenyewe."

Nikamuuliza, inamgeukiaje? Akanieleza vizuri, nami nawapa kama nilivyopewa. Kinga ya mwili ni kama mgambo wa mtaa: kazi yake ni kumkamata mgeni mwenye nia mbaya na kumwacha mwenyeji. Chembe za mwili zina vitambulisho, na vitambulisho hivyo vinatokana na vinasaba vya kinga ulivyorithi, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Vipo vya aina nyingi sana. Baadhi ya aina, mgambo hukosea kuzisoma kirahisi zaidi, akaanza kuwapiga wenyeji. Lakini, na hapa naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili, kuwa na aina hiyo si kuugua. Wengi walio nayo huzeeka na kufa na ngozi zao laini. Na wapo wanaougua bila kuwa nayo. Ni mlango usiofungwa vizuri tu, mwizi anaweza asije maisha.

Yule bingwa akataka damu ya Nyamizi ipelekwe maabara kubwa, ipimwe kinga pamoja na vinasaba vyake. Akaomba na ndugu mmoja wa tumbo moja, alinganishe. Akaja Regina.

Regina ni mdogo wake Nyamizi, mwalimu wa chekechea, msichana mwenye sauti ya kutuliza watoto arobaini kwa mara moja. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nzega aitwaye Masanja, mchimbaji kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Akaniuliza, "Mama Doto, hii damu yangu ya nini?" Nikamjibu, "Unamsaidia dada yako." Akakunja mkono wa gauni. Nimelifikiria sana jibu lile. Halikuwa uongo, lakini halikuwa jibu la alichouliza.

Majibu yakaja kwenye bahasha. Nikafungua, maana mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa maabara. Nyamizi alikuwa na alama ya ile aina ya vinasaba inayomkosesha mgambo. Regina naye alikuwa nayo. Nikajiona profesa. Katika maabara za Tabora nzima, nikadhani, hakuna anayeweza kusoma karatasi hii isipokuwa mimi! Nikaiweka kwenye droo, kumsubiri yule bingwa arudi.

Kesho yake mchana akaja Mzee Ndahani.

Mzee Ndahani ni Mgogo aliyezeekea hapa Tabora, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Nyie wa leo mnadhani utani ni vichekesho vya simu. Mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya misafara, lazima wapite Ugogo, na huko hupiti wala hunywi maji mpaka ulipe hongo. Kwa kugombana na kupatana huko tukawa watani. Mtani hanuniwi. Anakuingilia ndani bila hodi, anakutania msibani, anachukua kuku wako, nawe unacheka. Ndiyo maana watu wa Nzega walimtuma yeye awe mshenga: mtani huuliza mambo ambayo mtu mwingine akiuliza anapigwa.

"Mnyamwezi! Bado unabeba mizigo ya watu?"

"Naibeba, Mgogo. Na nyie bado mnawauzia maji wenye kiu?"

Tukacheka. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. "Leo nimekuja kudai hongo yangu," akasema. "Yule binti, mdogo wake msusi. Watu wa Nzega wamesikia habari za mikono ya dada yake, wana wasiwasi na ukoo. Nasikia na yeye alitoa damu hapa. Damu yake ikoje?"

"Nyekundu."

"Aa, mtani, usinifanyie hivyo. Babu zako walilipa vitambaa na shanga. Wewe nilipe neno moja tu."

Ningeweza kumfukuza. Ningeweza kumtania mpaka achoke. Lakini nilikuwa na ile karatasi kwenye droo, na kiburi changu kinawasha. Nikainama, nikanong'ona, "Naye anayo alama kama ya dada yake. Lakini si ugonjwa." Basi. Nikamlipa mtani hongo kwa damu ya mtoto wa watu.

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Mzee Ndahani alipofika Nzega, yale maneno "si ugonjwa" yalikuwa yameanguka njiani. Wiki mbili baadaye akarudi, safari hii hana utani. "Wamesitisha," akasema. "Wanasema hawataki kuoa mtu atakayekuja kukauka kama gogo, halafu azae watoto magogo."

"Uliwaambia nini?"

"Ulichoniambia wewe."

Nilifura. Nikamwita majina ambayo hata utani hauyabebi. Nikawalaani watu wa Nzega, nikaulaani ukoo wao hadi kizazi cha saba. Ati wanachunguza ukoo! Hapa kwetu mtu akitaka kuoa wanauliza: kwao kuna ukoma? Kuna kifafa? Kuna wachawi? Hawaulizi kama bwana harusi anapiga, hawaulizi kama ni mlevi. Usiku ule sikulala, na kulipokucha nikapanda basi la Nzega, Mzee Ndahani pembeni yangu, kimya kama mfungwa.

Walitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Tukawekewa michembe ya viazi vitamu na karanga. Sebule imejaa: mama yake Masanja, wajomba, mashangazi, majirani waliosikia kuna mgeni wa hospitali. Masanja mwenyewe alikaa karibu na mlango, nguo zake bado na vumbi la machimbo, akikohoa kidogo kidogo kwenye kiganja.

Nikasimama nikawafundisha. Nikawaeleza vinasaba, mgambo, vitambulisho, mlango usiofungwa. Nilieleza vizuri kuliko yule bingwa, nawaambieni. Nikasema, alama aliyo nayo Regina kwenye damu yake si ugonjwa, huenda haitamfanya kitu maisha yake yote.

Mama Masanja alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mama mbaya. Akasema taratibu, "Mayu," yaani mama kwa lugha yetu, "nimekuelewa. Lakini mimi nilimuuguza mume wangu miaka sita kitandani. Nikiuona mlango haujafungwa, nimpitishe mwanangu hapohapo?"

"Mlango wa mwanao je?" nikamjia juu. "Unajua vumbi la mawe analovuta huko shimoni nalo limo kwenye orodha ya vinavyouleta ugonjwa huu? Madaktari wanalijua, wavutaji wa vumbi hilo hupatwa na ugonjwa huu huu, achilia mbali mapafu. Humsikii anavyokohoa?"

Nami nilikuwa nimekuja na mkoba wangu wa kazi. Nikautua mkekani, nikatoa sindano, mpira wa kufungia mkono, na vichupa, nikavipanga. "Haya," nikasema, "anayetaka kujua damu ya Regina, aanze na yake. Nitaichukua sasa hivi, nitaipeleka, na majibu nitakuja kuyasoma hapa hapa mbele ya wote. Nani wa kwanza?"

Mjomba mmoja alivuta mikono ndani ya koti. Shangazi akakumbuka chungu chake kiko motoni. Masanja peke yake alinyanyuka, akakunja shati, akanyoosha mkono. Mama yake akaushika, akaurudisha chini, akaushusha na mkono wa shati mpaka kwenye kifundo.

Kisha akanigeukia. "Funga mkoba wako, mayu," akasema. "Tumesikia. Mwambieni binti tunakuja."

Wajukuu zangu, nilirudi Tabora nikiwa nimevimba kichwa! Njia nzima nilimsimulia Mzee Ndahani mambo ambayo aliyaona kwa macho yake. Sikupita hata nyumbani. Nikaenda moja kwa moja kwa Regina, nikasukuma mlango, nikamkuta anasahihisha michoro ya watoto.

"Shikamoo, Mama Doto."

"Marahaba! Mwanangu, furahi! Nimetoka Nzega. Nimewanyoosha wote. Nimewaeleza kuwa ile alama ya damu yako si ugonjwa, wamekubali, wanakuja!"

Regina akaweka kalamu chini. "Alama gani?"

Nikacheka kwanza, nikadhani hakusikia. Halafu nikamwona uso. Yule bingwa alikuwa hajarudi. Karatasi ilikuwa bado kwenye droo yangu. Watu wa Nzega walipositisha hawakumwambia sababu, walinyamaza tu, naye siku zote hizo alikuwa akijiuliza amewakosea nini.

"Alama gani, Mama Doto?" akarudia. "Nani mwingine anaijua?"

Mshenga anaijua. Mama mkwe anaijua. Wajomba, mashangazi, majirani wa Nzega waliokuja kula karanga. Mara ya kwanza niliitoa kwa kunong'ona, mara ya pili kwa kuhutubia, na zote mbili nikidhani namtendea wema. Nikaanza, "Mwanangu, nilikwenda kukutetea..."

"Nilikutuma?"

Nikaitazama michoro ya watoto mezani.

"Damu hii niliitoa kwenye mkono huu," akasema. "Nilikuuliza ya nini, ukasema namsaidia dada. Watu wote wanajua kilichomo ndani yangu, mimi ndiye wa mwisho, nami naambiwa kama habari ya harusi ya jirani!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Toka nje."

"Regina..."

"Toka nje, mama yangu, tafadhali. Funga mlango. Halafu upige hodi kama mtu aliyekuja na jambo langu, uniulize kama nataka kulijua."

Mimi, mzee wa kanisa, mkuu wa maabara, nilitolewa nje na msichana niliyeweza kumzaa. Nilisimama pale kibarazani nimejaa hasira, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Si daktari wa ukoma, si Mgogo, si watu wa Nzega. Nikapiga hodi. Hakujibu. Nikapiga tena. Jirani akapita akanisalimu, nikaitikia nikiwa nimesimama hapo hapo kama mdaiwa.

Baada ya muda mrefu akasema, "Karibu."

Nikaingia. Nikamwomba radhi, kwanza. Halafu nikamuuliza: "Regina, majibu ya damu yako yamekuja. Unataka kuyajua, au hutaki?" Miaka yote ile ya kazi, maelfu ya mikono niliyoifunga mpira, sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

Akanijibu.

Nyamizi sasa anatibiwa kwa ugonjwa wake mwenyewe. Huvaa soksi mikononi asubuhi za baridi, na kibandani kwake anawaelekeza wasichana wawili kusuka kwa maneno, akiwagombeza hasa. Haya ameniruhusu kuyasema.

Na kabla ya kuwapa nyie karatasi hizi nilimpelekea Regina azisome, na hili jina la Regina amelichagua yeye. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja zaidi: alichonijibu siku ile, na kama ndoa ya Nzega ilifungwa au haikufungwa. Alisoma yote, akacheka pale pa mjomba na koti. Alipofika ukurasa wa mwisho akachukua kalamu yake nyekundu ya ualimu, akaufuta mstari kwa mstari mpaka chini.

"Hapa ni pangu," akasema, akanirudishia.